Hasheem Thabeet na Rula ya Wasaka Vipaji

Usiku wa tarehe 25 Juni mwaka 2009, jijini New York, Kamishna wa ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, Bwana David Stern, alipanda jukwaani kutangaza majina ya vijana waliochaguliwa kuingia katika ligi hiyo. Kwa saa za kwetu ulikuwa tayari usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26. Jina la kwanza lilikuwa Blake Griffin, aliyechukuliwa na Los Angeles Clippers. Jina la pili lilikuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyechukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Jina la tatu usiku ule lilikuwa James Harden. La saba lilikuwa Stephen Curry. Hao wawili baadaye walitawazwa kuwa wachezaji bora wa ligi nzima, Curry mwaka 2015 na 2016, Harden mwaka 2018. Thabeet alicheza michezo 224 kwa misimu mitano, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7 kwa mchezo, na mwaka 2014 akawa amekwisha kutoka katika ligi hiyo. Tangu hapo, kila wanapokaa watu kuzungumzia kikapu, iwe Memphis au hapa kwetu Kirumba, hakosi mmoja wa kusema kwamba yule kijana alikuwa kosa kubwa.

Juma hili nataka tuitazame hukumu hiyo kwa utulivu. Siyo kwa kumtetea mtu kwa sababu tu ni ndugu yetu. Nataka tuulize kosa lilikuwa la nani, na lilianzia wapi, kwa maana jibu lake linawahusu vijana wanaokua hivi sasa Igoma, Buhongwa na Ilemela.

Kwanza tuelewane juu ya utaratibu wenyewe. Wenzetu wanauita drafti. Sisi drafti tunaijua kuwa ni ule mchezo wa kete unaochezwa chini ya mwembe, lakini ya kwao ni jambo jingine kabisa. Hapa kwetu klabu yenye fedha humfuata mchezaji, wakapatana, akasaini. Kule Marekani, tangu mwaka 1947, vijana wapya hugawanywa kwa zamu. Timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele ili nazo zipate nguvu, na tangu mwaka 1985 zamu za mwanzo huamuliwa kwa bahati nasibu. Kijana hachagui mwajiri wala mji. Anaitwa jina, anavaa kofia ya timu, anakwenda.

Kwa kuwa kila timu ina zamu chache tu, kazi ya msaka vipaji huwa nzito. Huyu ni mtu anayelipwa kuzunguka viwanja, kutazama michezo, kuandika taarifa na kumwambia mkuu wake: huyu chukua, huyu acha. Kabla ya siku yenyewe vijana hukusanywa, hupimwa urefu bila viatu, hupimwa urefu wa mikono iliyonyooshwa, hurushwa juu, hukimbizwa, hukaguliwa na madaktari na kuhojiwa. Kila kinachopimika hupimwa.

Mfungaji ni rahisi kumpima, kwa sababu kazi yake imeandikwa kwenye ubao wa magoli. Beki ni mgumu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni mambo ambayo hayakutokea: pasi ambayo haikupigwa kwa sababu alikuwa amesimama mahali pake, mshambuliaji aliyebadili nia akageuka. Basi msaka vipaji anapomtafuta mlinzi wa chini ya kikapu, hushawishika kushika kile kinachoonekana. Na kinachoonekana upesi kuliko vyote ni urefu.

Thabeet alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3. Kwa mtu wa aina hiyo, Waamerika walikuwa na sababu ya kuitazama Afrika kwa matumaini. Mwaka 1984 Houston ilimchagua wa kwanza Hakeem Olajuwon kutoka Lagos, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa tatu, na haikujuta. Mwaka 1985 Washington ilimchukua Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye futi 7 na inchi 7, ambaye katika msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397. Mwaka 1991 Denver ilimchukua wa nne Dikembe Mutombo wa Kinshasa, ambaye baadaye alipewa tuzo ya mlinzi bora mara nne. Kwa hiyo, kijana mrefu kutoka Dar es Salaam alipojitokeza, wasaka vipaji walikuwa na picha tayari vichwani mwao.

Naye hakuwa mtu wa kubahatisha. Thabeet alizaliwa Februari 1987, akasoma Makongo, na alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Akavuka bahari, akamalizia sekondari Houston katika shule ya Cypress Christian, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko alitawazwa kuwa mlinzi bora wa ukanda wao miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Katika msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mchezo, na chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa. Anayesema kijana huyu hakujua kucheza hajui anachosema.

Hata hivyo, dalili zilikuwapo kwa mwenye macho. Februari 2009 Connecticut, wakati huo ikihesabiwa ya kwanza katika nchi nzima, ilikutana na Pittsburgh. Upande wa pili alikuwapo DeJuan Blair, kijana mnene wa futi 6 na inchi 7 tu. Blair alipachika pointi 22 na kuchukua ribaundi 23. Thabeet aliambulia pointi 5 na ribaundi 4, na katika kugombea mpira alibebwa juu ya bega na kuangushwa chini. Tofauti yao ilikuwa miguu: namna ya kuchuchumaa, kujikita na kumwekea mwenzio kiuno kabla mpira haujafika. Hayo hujifunzwa utotoni, kwa kuangushwa mara nyingi na watoto wenzako.

Sasa mtu atauliza: mbona Olajuwon na Mutombo nao walianza kikapu wakiwa wamechelewa? Swali zuri. Olajuwon kabla ya kikapu alikuwa mlinda mlango wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono huko Lagos. Miguu yake ilikwisha kusoma shule nyingine. Mutombo naye alichaguliwa akiwa na umri wa miaka 25, mtu mzima aliyekomaa. Thabeet alikuwa na miaka 22, na saba tu kati ya hiyo ndiyo aliyoishi na mpira huo. Rula ilionyesha futi na inchi zake zote. Hiyo miaka saba haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Tukifika Memphis, mambo yakawa magumu zaidi. Timu ile tayari ilikuwa na senta, Marc Gasol wa Hispania. Gasol alichaguliwa mwaka 2007 akiwa wa 48, yaani wakati watu wengi ukumbini wamekwisha kuanza kupiga miayo. Mwaka 2013 huyo huyo wa 48 alipewa tuzo ya mlinzi bora wa ligi nzima. Kwa maneno mengine, Memphis ilitumia zamu ya pili kutafuta kitu ambacho kilikuwa kimekaa nyumbani kwake.

Juu ya hayo, Memphis ilikuwa timu inayopanda. Msimu wa 2009/2010 ilishinda michezo 40, msimu uliofuata ikashinda 46 na kuitoa San Antonio katika mtoano. Timu inayopanda haina subira na mwanafunzi. Februari 2010, miezi minane tu baada ya ule usiku wa New York, Thabeet alipelekwa katika ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards. Hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa mapema kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Februari 2011 akauzwa Houston, mwaka 2012 akawa Portland, kisha Oklahoma City. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, miaka mingi baada ya wale waliomcheka kumsahau.

Mlinganisho wa kweli uko jirani na sisi. Bismack Biyombo ni mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao watu wake wanazungumza Kiswahili chao. Kocha Mario Palma alimwona katika mashindano ya vijana huko Yemen, akampeleka Hispania. Wasaka vipaji walimtilia shaka juu ya umri, wakidhani huenda ni katika wale ambao sisi tunawaita vijeba. Mwaka 2011 alichaguliwa wa saba, naye pia akiwa mlinzi asiyejua sana kufunga. Akaangukia Charlotte, timu ambayo msimu wa 2011/2012 ilishinda michezo 7 na kupoteza 59. Aibu kwa Charlotte, lakini bahati kwa kijana: katika timu inayofungwa kila siku alipata nafasi ya kucheza, kukosea na kucheza tena. Mei 2016, akiwa Toronto, alichukua ribaundi 26 katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland, na mwaka huo huo Orlando ikampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Alidumu katika ligi ile zaidi ya miaka kumi.

Nawaomba pia tutazame mchezo ambao ni mgeni kabisa kwetu, ule wa magongo unaochezwa juu ya barafu na watu waliovaa viatu vyenye vyuma. Yupo Mslovakia mmoja, Zdeno Chara, mwenye futi 6 na inchi 9, mmoja wa warefu kuliko wote waliowahi kucheza katika ligi kubwa ya Amerika Kaskazini. Ni beki. Mwaka 1996 alichaguliwa na timu ya New York Islanders akiwa wa 56. Islanders ikamwachia aende Ottawa mwaka 2001, naye mwaka 2006 akahamia Boston. Tuzo ya beki bora wa ligi aliipata mwaka 2009, mwezi ule ule wa Juni ambao Thabeet alikuwa akivaa kofia ya Memphis. Tangu kuchaguliwa hadi tuzo ni miaka 13. Miaka 2 baadaye akaiongoza Boston kutwaa ubingwa akiwa nahodha. Lau wangempa miezi minane, jina lake lisingejulikana.

Mwaka huo wa 2009 ulikuwa na kijana mwingine wa kwetu. Mrisho Ngassa, mtoto wa Khalfan Ngassa aliyeichezea Pamba ya hapa Mwanza, alikwenda London kufanya majaribio na West Ham United. Mbio alikuwa nazo, chenga alikuwa nazo. Alirudi bila mkataba, na gumzo vijiweni likawa juu ya wembamba wa mwili wake. Julai 2011 alifika Marekani na kuichezea Seattle Sounders kipindi cha pili dhidi ya Manchester United, mchezo wa kirafiki, naye akarudi nyumbani. Tafakarini jambo hilo. Katika mwaka mmoja, Watanzania wawili waliwekwa mbele ya wapimaji wa kigeni. Mmoja alikuwa na mwili ambao wapimaji waliutaka, miaka ya mchezo ikawa michache. Mwingine alikuwa na mchezo tangu utotoni, mwili ukawa mdogo. Chakula, kiwanja na mwalimu ni vitu vya nyumbani. Mpimaji wa New York au London huvikuta vimekwisha kufanyika au kukosekana.

Sisi watu wa ziwa tunaijua rula. Pale Mwaloni, Kirumba, kila mchuuzi anajua kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa sababu huyo bado hajapata kuzaa. Kwa samaki, rula inafanya kazi nzuri, maana urefu wake ndio umri wake. Kwa binadamu ni kinyume. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwapita walimu wake wote kwa kimo, na bado kimchezo akawa mtoto mchanga. Urefu wake unaficha umri wake. Anayemnunua kwa rula anavua samaki ambaye hajakomaa, akidhani amepata mkubwa.

Sasa turudi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa hoja kwamba yanapoteza muda wa masomo. Yalirejeshwa baadaye katika muongo huo huo, na mwaka 2018 UMISSETA ilifanyika hapa hapa Mwanza. Lakini kizazi kilichozaliwa katikati ya miaka ya 1980, kizazi cha Thabeet, kilipitia shule katika miaka hiyo ya ukame. Sisemi kwamba yeye binafsi angekuwa Olajuwon kama michezo isingesimamishwa. Nasema kwamba nchi iliyofunga mlango wa shule haina uso wa kumcheka mtoto aliyechelewa kufika darasani.

Na mlango huo umefunguliwa kiasi gani leo? Tuhesabu wenyewe. Ni shule ngapi za msingi katika Nyamagana na Ilemela zenye goli la kikapu lililosimama wima na sakafu isiyochuna magoti? Ni walimu wangapi wa michezo ambao kazi yao ni hiyo, siyo nyongeza baada ya vipindi vya hesabu? Mtoto wa Lithuania au Marekani hushika mpira akiwa na miaka 6 au 7. Wa kwetu akiushika akiwa na 15, hata angekuwa na kimo cha mnara, anaanza mbio wakati wenzake wako mzunguko wa nane.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana mrefu akionekana mtaani, hawakosi watu wa kuja na ahadi za shule ya ng'ambo. Wengine ni wakweli, na Thabeet mwenyewe ni ushahidi kwamba njia ipo. Lakini mzazi na aulize maswali ya mtu anayemwoza binti yake. Shule ni ipi, na cheti chake kinatambuliwa wapi? Akiumia goti, nani atamtibu? Akiachwa na timu, nauli ya kurudi ni ya nani? Na pasi yake ya kusafiria itakaa mkononi mwa nani? Juu ya yote, tarehe ya kuzaliwa iandikwe ya kweli. Kumpunguzia kijana miaka kunaweza kumfungulia mlango mmoja, lakini doa hilo linawapaka wote watakaomfuata, kama Biyombo alivyotiliwa shaka kwa makosa ya watu wengine.

Kuhusu Hasheem Thabeet, hukumu yangu ni hii. Memphis ilikosea, kwa kuwa ilinunua urefu na kudai ukomavu. Kijana yule alitoka katika viwanja vyetu akiwa amechelewa, akafika juu kuliko Mtanzania yeyote kabla yake katika mchezo wake, kwa miaka saba tu ya kujifunza. Hilo si jambo la kuchekwa. Ni hesabu ya kutuonyesha kwamba kama angepewa miaka saba mingine ya utotoni, hadithi ingeweza kuwa nyingine.

Kocha unayenisikiliza, uwe Mkolani, Sengerema au Ukerewe, ukimwona mtoto wa miaka 9 ambaye si mrefu wala hafungi, lakini kila mara anasimama mahali ambapo mshambuliaji alitaka kupita, usimwondoe uwanjani. Mpe namba ya beki, mwache akosee, na umpe miaka. Msaka vipaji wa kutoka mbali hawezi kumwona leo. Wewe unaweza.